Gitaa la Vyumba Viwili

Mpiga ngoma wa bendi ile alikuwa mtu mnene mwenye tabia ya kukaa popote panapoonekana laini. Siku moja ya mazoezi, mchana kweupe, alikalia gitaa la mwenzake lililokuwa limefunikwa shuka juu ya kochi. Lililia mara moja tu, kraak, shingo ikaachana na mwili. Mwenye gitaa aliliokota. Aliketi akalipakata kama mtu aliyepakata kuku aliyekufa, na mpiga ngoma, badala ya kuomba radhi, akauliza ni mtu gani mwenye akili timamu anayelaza gitaa chini ya shuka.

Huyo mwenye gitaa walimwita Solo, kwa sababu gitaa la solo ndilo alilopiga, na kwa sababu mke hakuwa naye. Mwimbaji alikuwa mdogo wake wa kike. Huyo walimwita Chiriku. Sauti yake ilikuwa nyembamba lakini si dhaifu, kama uzi wa kushonea viatu. Ndiyo iliyowaita watu harusini, ndiyo iliyolipia chumba na sebule walimoishi wao wawili na mama yao, na ndiyo iliyomfanya Chiriku awe mtu. Sura ya kawaida, shule aliiacha njiani, mume alimwacha yeye. Ukimwondolea sauti, huna tena cha kusimulia.

Kulikuwa na harusi Jumamosi, na bendi isiyo na gitaa la solo ni kelele tu za watu wazima. Kwa hiyo asubuhi iliyofuata kaka na dada walijiandaa kwenda kununua jingine. Mama yao alikuwa kwenye kiti chake cha sebuleni, macho yameingia ukungu, masikio makali kuliko ya paka.

"Msinunue kwa macho," aliwaambia. "Macho ndiyo yaliyoniletea baba yenu."

"Tunajua, mama," Solo alisema huku anafunga viatu. "Tutaliuliza."

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya nyumba ile. Marehemu baba yao alikuwa mpiga gitaa na mama alikuwa mwimbaji wake, na kila gitaa lililoingia kwao liliingia kwa kuulizwa. Mwimbaji anainamia tundu la gitaa, anaimba mvuto mmoja ndani yake, yaani kipande cha wimbo cha pumzi moja, ananyamaza. Gitaa likiwa la kwake, nyuzi hutetemeka zenyewe bila kuguswa, zikarudisha ile sauti hafifu, kama mtu anayeitikia kutoka chumba cha pili. Lisilojibu unawaachia wengine. Watu wengi hununua gitaa kwa kuangalia rangi. Hawa waliuliza. Laiti wangeangalia rangi.

Duka lilikuwa limebanwa kati ya kinyozi na muuza magodoro. Ndani, magitaa yalining'inia ukutani kwa shingo, yametulia, kama watu wanaosubiri kuitwa kwa daktari. Mwenye duka alikuwa mzee mrefu mwenye shati lililopigwa pasi hadi likawa na makali. Aliwakaribisha kwa kunong'ona.

"Mnisamehe," alisema, akagusa koo. "Sauti iliniondoka zamani."

Kwenye pembe, mwanamke mtu mzima mwenye kitambaa kichwani alikuwa akifuta vinanda vumbi. Chiriku alimsalimu. Mwanamke hakujibu. Alimtazama Chiriku mdomoni, si machoni.

"Binti yangu," mzee alinong'ona. "Naye haongei."

Solo hakuwa mtu wa kupoteza muda mbele ya magitaa. Alishusha moja lililo tupu ndani, tumbo kubwa, akalipapasa akalirudisha. "Hili tamu chumbani," alimwambia dada yake, "lakini ukilisimamisha mbele ya maspika linapiga mluzi mpaka bibi harusi anaziba masikio." Akashusha jingine, gumu, mbao ngumu tupu isiyo na uwazi. "Na hili ni meza yenye nyuzi. Halina tundu, utaliulizia wapi?"

"Unataka la katikati," mzee alinong'ona.

"Hilo hasa. La umeme, lakini lenye roho kidogo."

Mzee alimtazama binti yake. Binti alitikisa kichwa, polepole, kama anayekataa chakula. Mzee akaingia nyuma ya pazia, akatoka na gitaa lenye rangi ya asali iliyoungua. Lilikuwa na matundu mawili yaliyopinda, moja juu ya nyuzi, jingine chini.

"Hili nusu tupu," alisema. "Katikati limepitishwa gogo la mbao, toka shingoni mpaka mkiani. Hilo gogo ndilo linalozuia mluzi. Huku kuna chumba. Na huku chumba."

"Vyumba viwili, kama kwetu," Solo alisema akicheka.

"Hivi havivuji."

Chumba cha kujaribia kilikuwa nyuma ya duka. Kidogo, bila dirisha, kuta zote zimebandikwa sponji na trei za mayai ili kelele zisiwafikie majirani. Mlango ulikuwa mzito, umevalishwa godoro. Mzee aliufunga kwa nje. Pale pale dunia ilinyamaza. Honi za barabarani zilikatika. Mashine ya kinyozi ilikatika. Chiriku alisikia damu yake mwenyewe ikitembea masikioni, na akatamani watoke.

"Haraka," alisema. Neno lilianguka miguuni kwake. Kuta zililila.

Solo alipiga nyuzi bila umeme, sikio limelala juu ya mbao. Akatabasamu kama mlevi. "Linakuja," alisema. "Uliza."

Chiriku aliinamia tundu la juu. Alisikia harufu ya gundi na vumbi, na chini ya hizo harufu nyingine. Pumzi. Pumzi ya mtu aliyelala sana mdomo wazi. Alitaka kujiondoa, lakini kaka yake alikuwa amelishika gitaa kwa hamu, akilisogeza karibu na uso wake. Akaimba mvuto mmoja, ule anaoanzia nao harusini.

Akanyamaza.

Nyuzi hazikutikisika.

"Si letu," Solo alisema kwa huzuni. "Basi, twende."

Ndipo lilipojibu. Lilijibu kwa kuchelewa, kama mtu aliyetoka mbali. Na halikurudisha mvuto wa Chiriku. Liliuendeleza. Liliimba sehemu inayofuata, ile ambayo Chiriku alikuwa hajaiimba.

Mtu mwingine yeyote angeliweka chini akatafuta mlango. Lakini hawa walilelewa kuamini kwamba gitaa linalojibu ni lako, na Solo alishangilia. "Limejibu zaidi ya ulivyouliza! Umelisikia, dada? Umelisikia?"

Chiriku alifungua mdomo kumwambia wamwite mzee afungue. Ulitoka upepo. Alijaribu tena. Upepo. Alikwenda mlangoni akausukuma. Kwa ndani haukuwa na kishikio. Aliupiga kwa kiganja, na godoro likameza kiganja bila mlio. Akapiga kwa ngumi. Akapiga kwa bega. Nyuma yake kaka yake alikuwa anachezesha vidole juu ya nyuzi, amempa mgongo, na kila alipogusa uzi, kitu kilivutwa ndani ya koo la Chiriku.

Mlango ulifunguliwa. Mzee alikuwa amesimama pale, macho yamejaa maji.

"Mmechagua vizuri," alisema.

Hakunong'ona. Sauti yake ilikuwa nene, nzito, ya mtu aliyezoea kuimba mbele ya watu, na matoazi yaliyokuwa rafuni yalilia yenyewe. Kule pembeni binti yake alidondosha kitambaa cha vumbi.

Kuhusu bei mzee hakubishana. Alipokea walichokuwa nacho bila hata kukitazama. Alichouliza ni kimoja tu: wanakaa wapi. Solo alimweleza, nyumba hadi mlango, akidhani ni ukarimu.

*

Siku ya kwanza walisema ni vumbi la lile duka. Chiriku alisukutua maji ya chumvi. Siku ya pili walisema ni mafua yanayokuja. Alikuwa na mnong'ono tu, tena wa kuvuta kwa nguvu, kama mtu anayechota maji kwenye kisima kikavu.

Kwenye mazoezi, Solo alichomeka gitaa kwenye umeme akaanza wimbo wa kufungulia harusi. Wanamuziki wana msemo wao kwamba gitaa zuri huimba. Hili liliimba. Lilitoa sauti nyembamba isiyokatika, ya mwanamke, na ukisikiliza vizuri, ilikuwa na maneno. Mpiga besi aliacha kupiga. Mpiga ngoma aliangalia nyuma ya spika.

"Nani kafungulia redio?"

Wote walikuwa wanamtazama Chiriku, aliyekaa kwenye benchi, mdomo umefungwa, mikono miwili imekaba koo lake mwenyewe.

Solo alipomaliza alilirudisha gitaa kwenye sanduku lake jeusi, akafunga vifungo vyake, ta, ta. Chiriku alikuwa ametoka uani kuanua nguo. Jua lilikuwa kali. Aliziona nguo, aliiona kamba, aliuona mkono wake ukishika kibanio. Na wakati huo huo akawa gizani. Mbao kushoto. Mbao kulia. Dari limegusa pua. Alivuta hewa ikaja nusu. Alitaka kunyoosha mguu na hapakuwa na pa kuunyoosha. Na ng'ambo ya ukuta, upande wa pili wa lile gogo, kuna mtu alikuwa anabisha. Taratibu. Kwa vidole vidogo.

Alirudi ndani akijigonga kwenye milango, akalirukia sanduku akalifungua. Hewa ikaja. Mwanga ukaja.

"Kaka," alinong'ona. "Niko ndani."

"Ndani wapi?"

Akaonyesha kwa kidole.

Solo alicheka, kisha akaacha kucheka. Tangu siku ile hakulifunga tena sanduku. Lakini dukani hakulirudisha. Harusi ya Jumamosi ilikuwa imejaa sifa. Watu walisimama juu ya viti kulitazama gitaa linaloimba, na simu za kualikwa zilikuwa hazipumziki. "Wewe pumzika tu, dada yangu," alimwambia. "Ni nani mwingine anayefanya kazi huku amekaa?" Ndivyo binadamu alivyo. Akiona kaburi lina mavuno, hulibadilisha jina akaliita shamba.

Chiriku alikuwa anakonda. Solo akipiga, koo lake linavutwa mpaka machozi yanamtoka. Asipopiga, hata sanduku likiwa wazi, amelala kwenye kigiza cha zile mbao na mtu asiyemjua, ukuta mmoja kati yao, na yule mtu anabisha. Akiwa sokoni yumo. Akiwa anaosha vyombo yumo. Hakuna mlango aliotoka ukamtoa.

Mama ndiye aliyegundua. Kwa siku hizo alikuwa na homa na amelala chumba cha ndani, akisikia bendi ikifanya mazoezi sebuleni. Alasiri moja alipata nafuu, akajikongoja mpaka kwenye kiti chake, akasikiliza wimbo mzima. Kisha akaita, kwa hasira:

"Chiriku! Mbona unaimbia ndani ya kabati? Toka huko, sauti imebanwa!"

Chiriku alikuwa ameketi sakafuni, kichwa amekiegemeza kwenye goti la mama yake. Aliushika mkono wa mama akauweka kooni pake. Bendi ilikuwa inaendelea. Sauti ya Chiriku ilikuwa imejaa sebule nzima, inapanda. Na koo chini ya vidole vya mama lilikuwa limetulia kama jiwe.

Mama hakupiga kelele. Aliondoa mkono wake polepole.

"Nani kamtia mwanangu humo?" aliuliza.

*

Chiriku alikwenda dukani peke yake. Alimsikia mzee kabla ya kumwona. Alikuwa anaimba huku anapanga ngoma, anaimba kwa kujinafasi, kama mtu aliyerudishiwa miguu akawa anatembeatembea tu. Alipomwona mlangoni alinyamaza. Hakujifanya hamjui.

"Kaa," alisema.

"Nitoe," Chiriku alinong'ona.

"Mimi sina uwezo huo. Ningekuwa nao, nisingekaa humo ujana wangu wote." Alivuta kiti akakaa yeye. "Sikia, binti yangu. Humo, mmoja akiingia, mmoja hutoka. Mimi nilitoka ulipoingia wewe. Hakuna njia nyingine."

"Nikilivunja?"

"Ukibomoa nyumba mpangaji akiwa ndani, utaokota nini?"

Chiriku alimsogelea. "Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu uliinama. Mimi sikukuinamisha."

Maneno hayo yalimkaa kifuani kama mfupa. Akavuta pumzi, akauliza kile kilichokuwa kinamnyima usingizi. "Yule wa upande wa pili. Ni nani?"

Mzee aliinuka akaanza kupanga ngoma zilizokwisha kupangwa. "Huyo hakuhusu," alisema.

Chiriku alipokuwa anatoka, yule binti wa mzee alimfuata mbio, akamdaka kifundo cha mkono. Mdomo wake ulikuwa unafunguka na kufumba. Alikuwa anajitahidi mpaka mishipa ya shingo imesimama. Akatikisa kichwa, tena na tena. Baba yake alimshika mabega kwa upole, akamrudisha nyuma.

"Tulia, mama," alimwambia. "Bado kidogo tu."

Chiriku alirudi nyumbani akamnong'oneza mama yake yote sikioni, isipokuwa yule binti, kwa sababu hakujua aseme nini juu yake. Mama alisikiliza, akaguna.

"Mmoja akiingia, mmoja hutoka," alirudia. "Basi hesabu ndogo. Solo! Lete hilo dude lako hapa."

Solo alipoelewa alipiga magoti. Alikumbuka siku hiyo kwamba ana mama. "Mama, tafadhali. Nitatafuta mganga. Nitatafuta mtu. Usifanye hivi."

"Nyamaza wewe. Umetafuna sauti ya dada yako kama karanga, leo umeshiba ndiyo unalia? Utamtafuta mtu, mtu gani? Mtoto wa nani?" Akanyoosha mikono. "Mimi nimekwisha sema yangu yote duniani. Yaliyobaki ni matusi, na hayo mmeyakariri."

Chiriku alisema, "Mama, usifanye." Alisema mara moja. Hakurudia.

Mama alilipakata gitaa kama alivyokuwa akilipakata la mumewe. Vidole vyake vilitembea juu ya mbao, vikalikuta tundu la chini. Aliinama. Midomo yake isiyo na meno ilikaribia kugusa rangi. Hakuna aliyemsikia mama akiimba tangu alipomzika mumewe, na sauti iliyomtoka ilikuwa imechakaa, imepasuka, lakini ilikaa pale pale inapotakiwa kukaa. Ikaingia tunduni. Ikaisha.

Wakasubiri.

Nyuzi hazikutikisika.

Kisha zikatikisika. Zilijibu kwa kuchelewa, na Chiriku aliitambua sauti iliyojibu. Ilikuwa yake. Ilimalizia wimbo wa mama yake huku inalia.

Mama aliinua kichwa. Alifungua mdomo kusema jambo, likatoka upepo. Akamgeukia binti yake, macho yake yenye ukungu yakimtafuta, akampungia mkono: haya, sema.

Chiriku alifungua mdomo.

Upepo.

Akajaribu tena. Akakaza tumbo, akakaza shingo. Akasukuma mpaka akaona vimulimuli.

Upepo tu.

Ndipo waliposikia sauti kutoka barabarani, chini ya dirisha lao. Sauti ya mtoto mdogo wa kike, mtoto ambaye meno ya mbele ndiyo kwanza yanang'oka.

"Baba! Baba, nimetoka!"

Chiriku alikwenda dirishani. Mzee wa duka alikuwa amepiga magoti pale nje mavumbini, na shati lake la pasi. Mbele yake alisimama binti yake, mtu mzima, mvi zimeanza kumchungulia chini ya kitambaa. Na ile sauti ya mtoto ilikuwa inatoka kwake.

"Kulikuwa na giza, baba. Nilibisha, nilibisha. Na yule dada wa upande wa pili alikuwa analia kila siku. Kwa nini ulisema nijaribu tu?"

Mzee alikuwa anamfuta uso kwa viganja. Aliinua macho akamwona Chiriku dirishani. Hakuona haya. Hakufurahi pia.

"Aliyekaa zaidi ndiye hutangulia kutoka," alisema kwa ile sauti yake nene. "Nami sikuambiwa. Nilimwingiza yeye akiwa mdogo ili nitoke mimi, akatoka mtu nisiyemjua." Akainuka, akajikung'uta magoti. "Sasa zamu ni yako. Tafuta mmoja utoke wewe. Kisha tafuta mwingine, atoke mama yako."

Akamshika binti yake mkono wakaondoka. Mwanamke yule alikuwa anaruka vishimo vya barabara kwa miguu yote miwili.

*

Duka lilifungwa wiki ile ile. Kinyozi alisema hawakuaga.

Solo hakupiga tena. Alilitundika gitaa ukutani sebuleni, maana wakilifunga sandukuni walikuwa wanatapatapa wote wawili, mama kitandani na Chiriku popote alipo. Bendi ilitawanyika. Mpiga ngoma alikuja kuwaona mara moja, akakaa ukingoni mwa kiti kwa adabu, akaondoka bila kunywa maji.

Shida ilikuwa watoto. Watoto wa majirani walizoea kuingia na kutoka nyumba ile, na kati yao walikuwapo wasichana wanaoruka kamba barabarani huku wanaimba. Siku moja Solo alimkuta mmoja wao amesimama sebuleni, juu ya vidole vya miguu, anachungulia tundu la juu. Chiriku alikuwa ameketi hatua chache kutoka hapo. Alikuwa amemwona mtoto akiingia. Alikuwa na mikono ya kumzuia. Mikono ilikuwa imelala mapajani.

Solo alimtoa mtoto nje. Alileta utepe mpana wa gundi na mkasi, akayaziba matundu yote mawili, la juu na la chini.

Asubuhi yake Chiriku aliona utepe unatembea.

Ulikuwa unaingia ndani kidogo, unanywea, kisha unatuna. Unanywea. Unatuna. Ule wa juu ulikwenda sawasawa na kifua chake mwenyewe. Akibana pumzi, nao unasimama. Ule wa chini ulikuwa wa polepole, wenye kukwama njiani, na kutoka chumba cha ndani alimsikia mama yake akipumua hivyo hivyo, polepole, akikwama.

Waliishi hivyo. Mama hakuwa na matusi tena. Ukimlisha anakula, ukimgeuza anageuka, na usiku na mchana uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyelaliwa na dari. Chiriku alimkanda miguu na kumwosha, na hakuna kati yao aliyeweza kumwambia mwenzake kitu cha kusikika. Majirani walisema ni nyumba tulivu sana.

Mama alifariki asubuhi moja, jua limeshatoka, Chiriku amemshika mkono. Alivuta pumzi, ikakwama, haikurudi. Wanawake walikuja wakamwosha. Wanaume walikuja wakambeba. Solo alilia kwa sauti kubwa, kwa sababu yeye sauti alikuwa nayo. Chiriku alilia kwa machozi tu. Lakini kaburini, udongo ulipoanza kushuka, kuna kitu kililegea ndani yake. Alijiambia: angalau mmoja ametoka. Kifo ni mlango ambao hauhitaji mtu wa kukupokea zamu.

Waliporudi alipita katikati ya wageni bila kumtazama mtu, akaenda ukutani. Utepe wa juu ulikuwa unanywea na kutuna haraka haraka, kama kifua chake. Akashusha macho kwenye ule wa chini.

Ulikuwa umetulia.

Chiriku alifunga macho akashukuru. Aliweka kiganja juu ya utepe ule, kama mtu anayemfumba marehemu macho. Ulikuwa wa joto. Na chini ya kiganja chake ulivutwa ndani mara moja, kwa nguvu, ile pumzi fupi anayovuta mtu anapotaka kuanza kusema.